Nanyonyesha na nimeacha vyote vya mnyama, vitamini B12 nitapata wapi?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 29, nanyonyesha mtoto wa miezi 4. Huu mwaka wa tatu sili nyama, samaki, mayai wala maziwa, niliacha baada ya kuona kuku wa kisasa wanavyofugwa na kusafirishwa. Nakula maharage, mchicha, karanga, na natumia spirulina, ule unga wa kijani wa viumbe vidogo vya majini. Kliniki damu ilikuwa 11.8 na vidonge vya damu nilivimeza ujauzito wote. Mama mkwe anasema namdhulumu mtoto, mi naona niko sawa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mi ni afisa lishe, na sababu yako ya kuacha siibishii, kuku anakuzwa wiki 5 au 6 kwenye banda la kubanana afu anabebwa kichwa chini miguu juu hadi sokoni, mtu akiona hivyo akasema mi sili tena ni haki yake kabisa. Ila usiwaweke wote kapu moja, mfugaji wa Simanjiro anayeishi kwa maziwa yuko kwenye nchi kavu ambako maharage yangekauka, ng'ombe wake anageuza majani ambayo binadamu hawezi kula yanakuwa chakula.

Sasa protini sikuhofii, makande yanatosha. Madini ya chuma pia yanapatikana, loweka maharage usiku kucha, kamulia ndimu kwenye mboga, na chai usinywe na chakula, subiri kama lisaa hivi. Shida yako kubwa ni B12, vitamini ya damu na mishipa ya fahamu, na hapo ndo mama mkwe ana hoja.

B12 haitengenezwi na mmea wowote, hata ng'ombe mwenyewe hatengenezi, ni bakteria walioko tumboni mwake. Sisi pia tunao ila wako utumbo mpana, wakati B12 inafyonzwa juu zaidi kwenye utumbo mwembamba, kwaiyo inapita tu inatoka. Na spirulina naomba uitoe kwenye hesabu, manake iliyomo humo nyingi inafanana na B12 lakini mwili hauwezi kuitumia.

Mbona damu iko vizuri? Ini linatunza akiba ya miaka kadhaa, afu vile vidonge vya damu vina foliki asidi, na foliki asidi inaweza kurekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuumia kimya kimya, yaani 11.8 yako haituambii chochote kuhusu B12. Ganzi miguuni, kusahau sahau, kuchoka, hizo usizipuuze.

Ila we ni mtu mzima umeamua, mtoto hajaamua, na anachopata kwenye ziwa ndo hicho ulichonacho wewe. Mtoto aliyepungukiwa anaanza kulegea, hachangamki, aliyekuwa ameshakaza shingo inalegea tena, na akicheleweshwa sana ubongo unaweza usirudi kama mwanzo. Hapa mi sina upole, mama anayenyonyesha bila kula vya mnyama lazima atumie B12 ya dukani.

Unahitaji maikrogramu 2.8 kwa siku, lakini usishangae kidonge kikiandikwa 50 au hata 1000, mwili kwa mara moja unafyonza kama 2 hivi na kinachozidi inaingia asilimia 1 tu, kwaiyo ndo maana dozi ni kubwa. B12 ya kwenye vidonge hivi haitokani na mnyama, inatengenezwa na bakteria kiwandani, msimamo wako hauguswi.

Ila kabla hujaanza, wiki hii nenda hospitali upimwe B12 yenyewe, na mtoto mbebe aangaliwe, afu sema wazi kabisa kwamba ni mwaka wa tatu huli chochote cha mnyama, manake daktari akiona damu 11.8 na mama mwenye afya hatawaza kuitafuta.