Barua kwa mwanangu: wanaokula kwa mlima

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama uache ofisi ya Dodoma uje kusomea uongozaji watalii, na kama mlima Kilimanjaro unalipa. Mshahara watakueleza wenye kampuni. Mimi nakueleza ninachokiona nikiwa kwenye meza yangu ya mboga hapa soko la Kwa Sadala.

Mtalii mmoja hulisha watu ambao hatawaona kamwe. Akipanda kwa njia ya Machame, nyuma yake wapo wagumu, yaani wapagazi, watatu au wanne, mpishi, mwongozaji na msaidizi wake. Hao wanajulikana, mizigo yao hupimwa getini isizidi kilo 20. Lakini parachichi analokula kambini lilitoka shambani kwa mama yako mdogo, likaja sokoni kwa bodaboda, nikamuuzia mpishi mimi. Sisi hatumo kwenye karatasi ya mtu. Na ada yako ya sekondari ilitoka humo humo.

Unakumbuka Aprili 2020, ndege za nje ziliposimamishwa. Nilikuwa nimechukua karoti na hoho kwa mkopo kwa ajili ya kundi kubwa. Kundi halikuja. Karoti niligawia majirani mpaka wakachoka, zilizobaki zikaoza. Mkulima alitaka hela yake, naye hakuwa na kosa, nikamuuza yule mtamba wa baba yako. Baba yako hakusema neno, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Mei ndege zikaruhusiwa, wageni wakasita. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 wakawa 620,000 na ushee.

Kaka yako anasema hiyo ndiyo sababu ya kukaa mbali na utalii. Ana hoja. Ila kahawa ya babu yako nayo si ilianguka bei tukaing'oa? Nasema tena, mtalii mmoja hulisha watu ambao hatawaona, na asipokuja, wote hao hukosa siku ile ile. Nikishika hili, lile linaniponyoka.

Jibu ninalo, tena liko mdomoni. Silitoi, maana sitaki siku moja useme mama ndiye aliyekuvuta. Ukija Krismasi kaa na shemeji yako, yeye ni mgumu. Muulize masika mlima ukiwa mtupu nyumbani kwake wanakula nini, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.

Mama yako