Ledi tupu au koti la shaba kwenye rivolva ya .38: jibu kwa ndugu wa Mbarara

Ndugu wa Mbarara, umeuliza kama rivolva yako ya .38 yenye mtutu wa inchi nne uitumie na risasi za ledi tupu (metali laini ya kijivu isiyofunikwa) au zenye koti la shaba, kwa kulenga karatasi tu, na kwamba muuzaji amekuonya ledi "itaua mtutu". Nimefundisha askari shabaha kwa miaka mingi, na silaha yangu ya leseni ni rivolva kama hiyo. Kwa karatasi, chukua ledi. Muuzaji anasifia alichonacho dukani.

Ledi ni laini kuliko shaba, kwa hiyo mifereji ya mtutu inalika zaidi na koti kuliko na ledi. Wanachoogopa watu ni ledi kuganda ndani. Hilo lipo, ila wengi hulaumu mwendo kasi wa risasi peke yake. Mkosaji mkubwa ni kipimo. Kichwa, yaani kile kipande kinachoruka, cha ledi cha .38 Special kwa kawaida kina kipenyo cha inchi .358, cha koti .357. Kikiwa chembamba kuliko tundu la mbele la silinda, ile ngoma inayobeba risasi, gesi ya moto hupenya ubavuni, huikwangua ledi na kuipaka pale mtutu unapoanzia. Na hapa wengi huduwaa: ledi ngumu yenye baruti kidogo inaweza kugandisha kuliko ledi laini, maana haitanuki ikaziba njia. Boksi likikusifia ugumu, usifurahi upesi.

Ningekuwa wewe ningetafuta wadikata, zile za kichwa bapa kilichozama ndani ya ganda. Kichwa kina uzito wa greni 148, karibu gramu 9.6, na hutoka kwa mita kama 215 kwa sekunde. Rivolva haikupigi kiganja, na karatasi inatobolewa duara safi kama kwa mashine ya ofisini, hivyo hakuna kubishana kama umegusa mstari. Risasi ya pua ya mviringo huchana karatasi. Bastola nyingi za magazini haziwezi kuvuta umbo la wadikata. Rivolva haijali, silinda inazungushwa na kidole chako.

Koti lina mahali pake. Ukiwa na .357 Magnum, ndugu wa .38 mwenye nguvu zaidi, iliyojazwa nguvu kamili, risasi inapita mita 350 kwa sekunde. Hapo koti linakupunguzia kazi ya kusugua. Lakini usijidanganye kwamba koti linakukinga na sumu. Fataki nyingi, yaani viwashio vya kwenye kitako cha risasi, zenyewe zina ledi, na koti nyingi za kawaida ziko wazi kwa nyuma, kwa hiyo moshi wa renji (uwanja wa shabaha) ya ndani una ledi upige nini upigavyo. Ledi huharibu ubongo wa watoto. Osha mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla ya kushika chapati, na shati la renji usimbebee mtoto nalo. Hili ndilo ninalowagombeza vijana kuliko shabaha mbaya.

Kusafisha: mulika tochi ndani ya mtutu ukiwa umefungua silinda na kuhakikisha ni tupu. Ukiona michirizi ya kijivu karibu na silinda, hiyo ni ledi. Zungushia nyuzi za shaba kwenye brashi, usugue polepole. Nyuzi za kusugulia sufuria zinafaa kama ni shaba halisi. Ijaribu kwa sumaku, ikinata ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, irudishe jikoni. Msasa na kemikali za fundi wa mtaani usikubali kabisa. Tangu 2018, Rais Museveni alipoagiza bunduki zote zichukuliwe alama, kama za vidole, mtutu wako ni kumbukumbu ya serikali. Ukiukwangua unajitafutia maswali. Wapo pia wanaosema piga risasi mbili tatu za koti "kutoa" ledi. Usifanye: unaisukuma koti kwenye njia iliyokwisha kubanwa.

Kubwa kuliko yote, sikiliza mlio. Ukisikia "puf" badala ya "pa", simama. Toa kidole kwenye kifyatulio, elekeza mtutu kwenye shabaha, subiri, fungua silinda uangalie kama kichwa kimenasa. Koti lenye baruti dhaifu hunasa kirahisi kuliko ledi, kwa kuwa linabana zaidi.

Na kuhusu rafiki yako anayetaka kuyeyusha ledi ya betri kuukuu: mwambie aache. Kutengeneza risasi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Silaha ya 1970, na moshi wa betri ni sumu tupu. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, kwa kiasi ulichoruhusiwa.

Kabla ya kununua chochote, soma maandishi ubavuni mwa mtutu. Kama yanasema .38 Special, yote niliyosema yanakuhusu. Kama ni rivolva ya Webley au Enfield ya enzi ya Waingereza, hiyo hutumia .38 nyingine, fupi na nene kidogo, na wadikata za Special si zake. Andika hapa kilichoandikwa pale, tuendelee kutoka hapo.