Maswali na majibu: Kujifunza kuruka na paramota Dodoma

Tangu niandike kwamba nafundisha watu kuruka na paramota, yaani bawa la kitambaa juu na injini mgongoni, simu haipumziki. Maswali mengi yanafanana, kwa hiyo nimeyaunganisha. Ya "huogopi?" nimeyaacha.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa UDOM. Siku ya kwanza nitaruka au nitaishia kuangalia wenzangu? Na kozi nzima ni siku ngapi?

Marahaba. Siku ya kwanza huruki, na ya pili pia huruki. Huenda hata ya nne ikapita miguu yako bado iko chini. Injini hutaivaa kwanza. Utavaa mikanda, helmeti na buti zinazofunika kifundo cha mguu, tukutane uwanja wa mpira alfajiri, na kazi ya kwanza itakuwa kuokota mbigili. Sitanii. Mbigili wa Dodoma akishika kitambaa cha bawa ukalivuta kwa pupa, umeshatoboa.

Baada ya hapo unatandaza bawa, kamba zote ziangalie juu, na unajifunza kulisimamisha. Upepo ukiwepo kidogo, unasimama ukilitazama bawa, mgongo kwa upepo, kamba zimepishana mbele yako. Unavuta zile za mbele, hewa inaingia kwenye mifuko ya kitambaa, bawa linanyanyuka. Hapo ndipo wageni wote wanapokosea: bawa likifika juu halisimami lenyewe, linataka kukupita. Usipolishika kwa wakati kwa breki, yaani kamba za mikononi zinazovuta ukingo wa nyuma wa bawa, linakuangukia mbele. Ukilishika mno, linarudi chini nyuma. Katikati ya hayo mawili kuna mvuto mdogo sana wa mikono, na hakuna maneno yanayoweza kukufundisha huo mvuto. Unaupata mikono ikishachoka na ukiacha kufikiri. Likiinama kushoto, miguu yako inakimbilia kushoto, chini yake. Wanafunzi wengi wanafanya kinyume: wanavuta breki wakiwa wamesimama, wanashangaa bawa linalala.

Kozi kamili kwa kawaida ni siku 8 hadi 12, lakini hesabu siku za hewa nzuri tu. Upepo ukigoma wiki nzima, tunakaa wiki nzima. Siku ya kuruka peke yako ikifika, nitakuwa chini na redio, nawe una spika ndani ya helmeti. Wewe utasikia tu, hutajibu, kwa sababu mikono yako itakuwa na kazi.

Kaka, mimi ni bodaboda wa Kisasa. Injini za tu-stroki nazijua nje ndani, nilishafungua za misumeno ya mbao nyingi tu. Video nimeangalia za kutosha. Mwalimu wa nini tena?

Injini utanifundisha wewe, sina ubishi. Ni silinda moja, kabureta, plagi, petroli iliyochanganywa na oili. Injini nyingi zinataka asilimia 2, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli, ila fuata kitabu cha injini yako. Inakula lita 3 hadi 5 kwa saa, kutegemea uzito wako na mkono wako.

Ila msumeno hauna pangaboi la zaidi ya mita moja linalozunguka nyuma ya kiuno chako. Majeraha mabaya mengi ya pangaboi hayatokei angani, yanatokea chini, wakati wa kuwasha. Mtu ameiweka injini ardhini, anavuta kamba kama anawasha jenereta, kumbe waya wa resi umekwama wazi. Injini inashika na nguvu zote, inamrukia, na mkono anaounyoosha kuizuia unapita kwenye wavu unaozunguka pangaboi. Fundi hodari ndiye anayeumia hivyo, kwa sababu fundi amezoea kuirekebisha mashine ikiwa inaunguruma. Kwangu, kila injini inawashwa kama vile itapiga resi ya mwisho, na kidole kipo kwenye swichi ya kuzimia kabla ya kamba kuvutwa.

Halafu kuna jambo la video. Video haikuoni. Haiwezi kukwambia kwamba umevaa mkanda wa mguu vibaya, wala kwamba breki ya kulia umeishika pamoja na kamba nyingine. Njoo uwanjani.

Habari za kazi. Mimi ni mama wa Nkuhungu, kijana wangu anajifunza. Anaamka usiku kwa usiku, saa 3 asubuhi tayari yuko nyumbani amelala. Mchana jua safi kabisa, anga haina hata wingu. Kwa nini hawaruki mchana?

Salama mama, shikamoo. Hilo jua safi ndilo tatizo.

Umewahi kuona kile kisulisuli kinachoanza kwenye kiwanja kitupu, kinabeba vumbi na mifuko ya plastiki, kinapanda juu hadi kinapotea? Ile ni hewa ya moto inayong'oka ardhini. Tunaiona kwa sababu imebeba vumbi. Dodoma mchana ziko nyingine nyingi zisizobeba kitu, na hizo hatuzioni. Ardhi tupu inapashwa, hewa iliyoikalia inakuwa nyepesi, inapanda kwa kasi ambayo siku za kiangazi inaweza kuzidi mita 4 kwa sekunde. Kando yake kuna hewa nyingine inashuka kujaza nafasi. Bawa la paramota halina fremu wala chuma. Linasimama kwa sababu hewa iliyomo ndani ina mgandamizo. Upande mmoja ukiingia hewa inayopanda na mwingine inayoshuka, upande mmoja unaweza kukunjana. Rubani mzoefu anaufungua. Mwanafunzi wa wiki ya pili anashika breki zote mbili kwa hofu, na hilo ndilo kosa lenyewe.

Asubuhi ardhi bado baridi, hewa imetulia. Lakini hata asubuhi ina ujanja wake, na huu nawaambia wanafunzi wote, pamoja na mwanao. Miezi ya kiangazi, hasa kuanzia Juni, unaweza kusimama uwanjani saa 12 na nusu na jani halitikisiki, kumbe mita 100 juu ya kichwa upepo wa kusini-mashariki unakwenda kasi. Hewa baridi iliyolala chini imeutenga. Jua likipanda, tabaka lile linavunjika, upepo wa juu unashushwa chini, na ndiyo maana Dodoma upepo huwa kama umewashwa na swichi karibu na saa 3. Bawa la mwanafunzi linakwenda kama kilomita 38 au 40 kwa saa. Ukikutana na upepo wa 40 uso kwa uso, unaning'inia pale pale, injini inakula petroli bure.

Kwa hiyo kabla ya kuruka natafuta moshi. Tanuri la matofali linalofuka ni kipimo kizuri kuliko programu yoyote ya simu: ukiona moshi umepanda wima halafu ghafla umelazwa kama umekatwa, ujue upepo uko pale moshi ulipolazwa. Tunafunga mabawa tunaenda kunywa chai.

Jioni pia tunaruka, saa 11 na nusu kuelekea machweo, ila hewa ya jioni inachelewa kutulia na giza la hapa halibembelezi. Mwache kijana alale.

Injini ikizima angani?

Unatua. Bawa halitegemei injini kubaki angani, injini ni ya kupanda na kusogea mbele. Ikizima ukiwa mita 300 juu, una dakika kama mbili au tatu za kuteremka na kuchagua pa kutua. Swali la maana ni uko juu ya nini inapozima. Ukiwa juu ya mashamba yaliyovunwa ya Bahi, umepata hadithi. Ukiwa juu ya maji ya Hombolo au Mtera na umefungwa kwenye kilo 30 za chuma, ni habari nyingine kabisa, kwa hiyo juu ya maji haturuki.

Na nyaya. Waya wa umeme hauonekani kutoka juu hadi umeshachelewa. Tafuta nguzo, uziunganishe kwa akili: palipo na nguzo mbili pana waya. Reli ya SGR ndiyo usiiguse hata kwa mawazo, nyaya zake za juu zina volti 25,000.

Nina kilo 104. Kuna jamaa yangu Bagamoyo ana uzito kama wangu na anaruka na injini ya cc 125. Na mimi ninunue hiyo hiyo?

Hapana. Bagamoyo ni usawa wa bahari, Dodoma ni karibu mita 1,120 juu yake. Joto likiwa sawa, hewa yetu ni nyepesi kwa kama asilimia 12 kuliko yao. Injini inavuta hewa pungufu, kwa hiyo nguvu inapungua karibu kiasi hicho hicho. Bawa nalo linataka kasi zaidi ili likubebe: utakimbia kama asilimia 7 haraka kuliko jamaa yako, na mzigo mgongoni. Ongeza joto. Asubuhi ya Oktoba ikifika nyuzi 30, bawa linajiona liko kwenye mita 1,900 hivi.

Sasa jumlisha: wewe 104, injini na mikanda 28 au 30, petroli ya lita 10 ni kilo 7 na ushee, bawa, helmeti, parachuti la akiba. Umevuka 140. Tafuta injini ya cc 180 na bawa ambalo mtengenezaji ameandika linabeba uzito huo. Tena usiombe ukubwa wa mwisho kabisa wa jedwali, acha nafasi. Na kabureta irekebishwe hapa Dodoma, isije na mipangilio ya pwani.

Kijana, mimi ni mzee wa miaka 61, Kongwa. Goti la kulia lina matatizo. Nimechelewa?

Shikamoo mzee. Umri hapana, goti ndilo la kuzungumza. Kuna kigari cha magurudumu matatu, unakaa, injini iko nyuma, hukimbii. Kinahitaji uwanja mrefu na laini, na kikipinduka kinapinduka na wewe ndani, kwa hiyo bado utajifunza bawa kwa miguu kwanza, taratibu. Mwone daktari wa mifupa, kisha tuzungumze.

Nimeona mtandaoni bawa la mtumba, bei ya kutupa, muuzaji anasema limetumika kidogo. Seti mpya naambiwa inazidi dola 8,000. Nichukue?

Kwanza limeandikwa ukubwa gani? Wengi wanaouza bei ya kutupa wanauza mabawa madogo ya mashindano, mita za mraba 18 au 20, yenye kasi na hasira. Mwanafunzi anataka la daraja la A, yaani la wanaoanza, kubwa kwa uzito wake, linalosamehe.

Pili, jua. Kitambaa kinaliwa na jua kuliko na kuruka. Bawa lililoachwa limetandazwa uwanjani kila mchana linaweza kuwa na saa chache za angani na likawa limekwisha. Wengi tunahesabu kwamba bawa linadumu kama saa 300 za matumizi. Shika kitambaa karibu na mdomo wa mbele, weka midomo yako, puliza. Hewa ikipenya upande wa pili, rudisha. Hicho ni kipimo cha haraka tu. Fundi ana kifaa cha kupimia kitambaa, na anavuta kamba kuona zinakatikia wapi. Muuzaji akikataa bawa lipimwe, ameshakujibu.

Parachuti la akiba usinunue mtumba kabisa. Hapo siko tayari kubishana.

Wamarekani wanaruka bila leseni. Sisi kwa nini tusumbuliwe na vibali?

Ni kweli, sheria yao ya 1982 inaruhusu chombo cha mtu mmoja chenye injini, chini ya kilo 115, kuruka bila leseni. Lakini hata wao wamekatazwa juu ya miji na watu waliokusanyika. Sheria hiyo haina uraia hapa. Anga ya Tanzania iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na ruhusa inaombwa kabla, kwa maandishi.

Dodoma nayo si pori. Uwanja wa ndege uko ndani ya mji, ndege zinapita juu ya mapaa zikitua. Kuna uwanja mwingine wa ndege wa Msalato njia ya Arusha, kuna Bunge, kuna Ikulu Chamwino, kuna kambi za jeshi. Mtu anayening'inia angani na kitu kinachounguruma karibu na hapo hataulizwa kwa upole. Mimi wanafunzi nawapeleka mbali na mji, na kabla ya bawa kutandazwa nimeshapita kwa mtendaji wa kijiji na polisi wa hapo. Inachukua asubuhi moja, na wanakijiji wakishajua ni nini wanakuja kutazama na watoto.

Mimi ni mkulima wa zabibu, Hombolo. Mmoja wenu alitua kando ya shamba langu, ng'ombe wa jirani wakakimbilia ndani ya mizabibu. Nani analipa?

Mwalimu analipa. Kama ameruka bila mwalimu, analipa aliyeruka, na kama hana, mtendaji yupo.

Shamba la zabibu kwetu ni mahali pabaya pa kutua kuliko hata miiba: nguzo, waya uliokazwa, safu moja baada ya nyingine. Kwa hiyo huyo kutua kando yake alifanya vizuri. Kosa lake ni kushuka chini na injini ikinguruma juu ya mifugo. Ng'ombe hawajali bawa, wanakimbia mlio, na mlio huo unawafikia ungali mita 150 juu. Alipaswa kuzima mapema na kuteleza kimya, au kwenda mbele kidogo.

Ukikuta mtu ametua kwako, usikubali akwambie "samahani mzee" huku anakunja bawa. Muulize mwalimu wake yuko wapi, na umpigie akiwa bado hapo.