Kadi ya mtandao ya gemu? Nunua waya kwanza
Umeuliza kama kadi maalumu ya mtandao kwa ajili ya gemu itakushushia ping, yaani muda ambao data inatumia kwenda kwenye seva ya gemu na kurudi. Mimi nasema achana nayo. Biashara hii ina miaka: mwaka 2006 kampuni ya Marekani, Bigfoot Networks, ilitoa Killer NIC, kadi yenye prosesa yake ya megahezi 400 na mfumo wa uendeshaji wa Linux ndani, kwa takriban dola 280. Mzigo iliompunguzia prosesa mkuu ulikuwa mdogo, na kompyuta za leo hata hazitausikia.

Ping inaliwa njiani. Wewe uko Dar, seva iko Frankfurt, data inapita chini ya bahari maelfu ya kilomita, kwenda na kurudi. Kadi gani itaisogeza Ulaya?

Kwangu, kwa waifai, ping ilikuwa inaruka mpaka milisekunde 400 kila watoto wakifungua video sebuleni. Nikachomeka waya moja kwa moja kwenye ruta, ikatulia kwenye 180 hivi. Haikushuka sana, ila kurukaruka kuliisha, na hicho ndicho kinachokuua kwenye gemu. Hela inayobaki nunua SSD, diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka ndani, kama bado una ile diski inayolia kama cherehani.