Je, mikopo midogo huwaondoa wanawake wa vijijini katika umaskini?
Ndugu, kwa swali lako kama mikopo midogo huwaondoa wanawake wa vijijini katika umaskini, jibu langu ni kwamba, kwa wastani, haiwaondoi. Tafiti 6 zilizochapishwa pamoja mwaka 2015, zikiwemo za vijijini Moroko na Ethiopia, zilionyesha kuwa baadhi ya wakopaji walipanua shughuli zao, lakini kipato cha kaya hakikupanda kwa kiwango cha kubadili maisha. Tatizo kubwa, kwa maoni yangu, ni ratiba: mara nyingi marejesho huanza wiki chache baada ya mkopo, ilhali mbuzi hajazaa wala shamba halijavunwa, hivyo mkopaji hukimbilia uchuuzi wa faida ya haraka au (jambo lisilosemwa sana) hukopa kwingine ili alipe. Manufaa yapo katika kuhimili dharura bila kuuza mali, mradi fedha zisiishie mikononi mwa mume huku deni likibaki kwa jina la mke.