Usichague Dume kwa Troti ya Video

Wiki hii dada mmoja msomaji kaniandikia: "Kaka, nina farasi jike wangu mzuri, msimu ujao nataka nimpandishe nipate mtoto wa dresaji. Nimeona video ya dume wa miaka mitatu, mguu wa mbele anaurusha mpaka unakaribia kidevu. Nimchukue?" Dresaji, kwa asiyeijua, ni mchezo wa farasi kuonyesha miondoko mbele ya majaji. Kaniambatishia na kipande chenyewe. Sekunde chache, muziki juu, na kila farasi akipunguza mwendo picha inakatwa.

Ujumbe umenikuta bado natembea kifua mbele. Jike niliyemzalisha mwenyewe kapita ukaguzi wa daftari la nasaba, na kilichowafanya wakaguzi waitane si troti yake, ule mwendo wa kukimbia wa midundo miwili, ni kutembea. Mguu wa nyuma unaikanyaga alama ya mguu wa mbele na kuipita kabisa, shingo inacheza, mgongo unapumua. Nilisimama kando ya uzio nikijifanya nimetulia.

Nasema haya kwa sababu nilipomchagua baba yake nilichekwa. Mtu niliyemheshimu sana katika kazi hii aliniambia mbele ya watu, pale kwenye mabanda, kwamba nalipoteza jike zuri kwa damu iliyopitwa na wakati. Watu wakacheka. Maneno yale sijayasahau na sitajifanya nimeyasahau. Damu yenyewe iliyosemwa hivyo, yaani ukoo, ni ya dume aitwaye Donnerhall.

Basi tumzungumzie huyo Donnerhall. Alizaliwa 1981, wa Oldenburg, mbegu ya farasi ya Ujerumani. Hakuwa dume wa kukaa bandani kungoja majike. Karin Rehbein alimpanda mpaka kwenye timu ya Ujerumani iliyotwaa dhahabu ya dunia mwaka 1994, na tena 1998. Piga hesabu mwenyewe: miaka 17, bado anashindana ngazi ya juu, na huku ana watoto kila upande. Mwanawe Don Schufro alikwenda Olimpiki ya 2008 akarudi na shaba ya timu ya Denmark. Mwanawe mwingine, De Niro, naye alifika Grand Prix, ngazi ya juu kabisa ya dresaji. Halafu njoo Olimpiki ya Rio 2016: Isabell Werth yuko juu ya Weihegold, binti wa Don Schufro, anachukua fedha, Kristina Bröring-Sprehe yuko juu ya Desperados, mtoto wa De Niro, anachukua shaba. Wajukuu wawili wa mzee mmoja kwenye jukwaa moja. Iliyopitwa na wakati ni damu gani, jamani?

Najua atakayeniuliza habari za dume mwingine, Sandro Hit. Namheshimu. Mwaka 1999 alikuwa bingwa wa dunia wa farasi wa miaka sita, mweusi, mzuri wa kutazamwa, na watu walimkimbilia kwa troti ile. Yeye mwenyewe hakuwahi kushindana Grand Prix, na ndiyo maana mabishano juu yake hayaishi. Lakini haki yake apewe: Showtime wa Dorothee Schneider, aliyekuwa kwenye timu ya Ujerumani iliyotwaa dhahabu Rio, ni mtoto wake. Kwa hiyo simkatai dume kwa sababu alikuwa nyota wa utotoni. Ninachokataa ni kumlipia nyota wa utotoni ambaye watoto wake bado hawajafika popote, eti kwa sababu video yake imesambaa.

Na dume Totilas? Hapa ndipo marafiki hununiana. Desemba 2009, pale Olympia London, yeye na mpanda wake Edward Gal walipata asilimia 92.30, rekodi ya wakati ule, katika kipindi cha miondoko inayofuata muziki. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya dunia kule Kentucky, dhahabu tatu. Akauzwa Ujerumani, akapata mpanda mwingine, majeraha yakaanza kumwandama, na 2015 kule Aachen alionekana hakanyagi sawa. Baada ya Grand Prix ile hakushindana tena. Alikufa 2020 kwa ugonjwa wa tumbo. Wapo wanaosema alikuwa sarakasi tupu. Siwaungi mkono. Ile piafe, yaani troti ya kukanyaga papo hapo, kile kipaji cha kutoka piafe kwenda pasaji, troti ya polepole inayoelea, bila kujikwaa, si jambo la kubeza. Ila isimamishe picha ya troti yake ndefu uitazame kwa utulivu. Mfupa wa mguu wa mbele, kutoka goti kwenda chini, unatakiwa uwe sambamba na mwenzake wa nyuma. Mara nyingi wa mbele ulikuwa umeshafika mbali na wa nyuma unaandamana tu. Majaji walitoa alama, watazamaji walilia kwa furaha, na tangu hapo kila muuzaji anatafuta mguu wa mbele unaoruka.

Dada yangu, mguu wa mbele haubebi dresaji. Ngazi za juu zinataka farasi akae nyuma, akunje viungo, abebe uzito. Ndiyo maana kano ya nyuma ya mguu, ile inayokishikilia kifundo kisizame, ndiyo inayowaumiza farasi wengi wa mchezo huu, hasa juu kabisa inapoanzia kwenye miguu ya nyuma. Dume mwenye miguu ya nyuma iliyonyooka mno, au kifundo kinachozama karibu kugusa mchanga akiwa bado kijana, atakupendeza kwenye video. Atamlisha daktari baadaye.

Kwa hiyo anza na kutembea. Troti mkufunzi mzuri anaweza kuikuza, kanta, ule mwendo wa midundo mitatu, pia kwa kiasi, lakini kutembea kwa midundo minne iliyo safi farasi huzaliwa nako. Kisha kanta. Ukimwona Glamourdale, bingwa wa dunia wa 2022 akiwa na Charlotte Fry, utaelewa: ile kanta inapanda juu kama mtu anayepanda ngazi. Tazama na upande wa mama yake: babu mzaa mama ni Negro, baba wa Valegro. Na Valegro, aliyeivunja rekodi ya Totilas na kufikia asilimia 94.3 Desemba 2014, alihasiwa! Hana mtoto hata mmoja. Anayevuna sifa za uzazi ni baba yake. Mara ngapi tunamfuata farasi aliye kwenye bango na kumsahau mzee aliyemleta?

Halafu uliza umri. Dume ana miaka mingapi, na bado anafanya kazi akiwa mzima? Watoto wake wa miaka kumi na kuendelea wako wapi? Muuzaji akikuonyesha picha za watoto wachanga peke yake, uliza tena. Akikasirika, umeshajibiwa. Picha za eksirei za viungo uzione mwenyewe, usisomewe.

Pia mpime jike wako kwa WFFS, ule ugonjwa wa ngozi dhaifu wa watoto wa farasi. Hutumwa nywele chache zenye mizizi, basi. Anayebeba kinasaba kimoja haugui wala haonekani tofauti, lakini wawili wabebaji wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto asiyeweza kuishi. Wabebaji wapo hata kwenye ukoo wenye majina makubwa, kwa hiyo usione haya kuuliza karatasi. Watu wanalipia mbegu za dume maarufu na hawataki kulipia kipimo kidogo. Hilo mimi sitalielewa mpaka naingia kaburini.

Sijakujibu ndiyo wala hapana kuhusu dume wako, najua. Siwezi, kwa sababu umenitumia video ya dume na hujanitumia ya jike. Mchukue jike kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, atembezwe kwa kamba, umpige picha kwa nyuma, kisha kwa ubavu, bila muziki, bila kukata. Niambie na mama yake alifanya kazi mpaka umri gani. Hapo tutaongea.