Jibu: Papa wa Jaws alifichwa kwa makusudi au kwa sababu mashine iliharibika?

Habari mkuu. Umeuliza kama ni kweli papa wa filamu ya Jaws haonekani mapema kwa sababu mashine ilikufa, au ni chumvi ya mashabiki tu.

Ni kweli. Anza na ratiba, maana ndiyo haidanganyi: upigaji wa picha mwaka 1974 ulipangiwa siku 55, ukachukua 159. Mwongozaji Steven Spielberg aling'ang'ania bahari halisi, pale Martha's Vineyard, Marekani. Papa wa mashine walikuwa watatu, wakiendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, na maji ya chumvi yakawala.

Sasa itazame tena ukihesabu yale mapipa ya njano anayofungwa papa kwenye filamu. Kila yanapokatiza juu ya maji unamwona papa, na papa hayupo! Muziki wa John Williams unamaliza kazi iliyobaki. Hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani ajali peke yake ilitengeneza filamu. Ajali ilileta shida tu. Jibu lilitoka kwa watu, hasa mhariri Verna Fields, aliyepata Oscar kwa kazi hiyo.

Halafu kuna kile kichwa cha maiti kinachochomoza kwenye tundu la mashua. Kilipigwa picha upya ndani ya bwawa la kuogelea la Fields mwenyewe, maji yakitiwa maziwa ya unga yafanane na bahari. Mimi nakipenda kisa hicho kuliko cha papa.

Papa wa kweli unaowaona walipigwa picha Australia na Ron na Valerie Taylor.